Utarudi?

Kopo lilikuwa la bati, la biskuti, na kifuniko chake kilikuwa kimepinda upande mmoja hata hakifungi mpaka ukigonge kwa kiganja. Mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka minane hivi. Siku ya tatu ya safari yetu alilivuta kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akaanza kunipangia picha juu ya blanketi, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Zilikuwa picha za wageni. Wanawake waliovaa fulana za rangi moja, wanaume waliobeba watoto mabegani, vijana waliochuchumaa wakitabasamu. Nyuma ya picha nyingine kulikuwa na jina na mstari wa Biblia. Chini kabisa mwa kopo kulikuwa na vikuku vya uzi, beji ya mkutano wa injili na kipande cha tiketi ya ndege.

Nilihesabu sura 19. Mtoto alizijua zote. Aliweka kidole juu ya sura, akataja jina, kisha akasema neno moja ambalo sikulielewa. Sura ya pili, jina, na neno lile lile. Ya tatu, jina, na neno lile lile. Mama mlezi alikuwa kando anakunja mashuka. Akanitafsiria bila kuinua macho: "Anasema, huyu alisema atarudi. Na huyu alisema atarudi. Na huyu."

Nchi yenyewe sitaitaja. Watoto wale sasa ni vijana, na habari za maisha yao ni mali yao, si yangu. Itoshe kusema ilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, na kwamba kanisa letu lilikuwa limetuma timu ya watu 12 kwa wiki mbili kupeleka tumaini la Kristo kwa yatima. Hayo ndiyo maneno tuliyoyaandika kwenye barua za kuomba michango, na niliyaamini kwa moyo wote. Bado nayaamini. Makala hii yote ni kwa sababu bado nayaamini.

Kabla ya kuondoka nilijifunza sentensi tatu za lugha yao: "Jina lako nani?", "Yesu anakupenda" na "Kwaheri." Ilinichukua miaka kuona nilichokuwa nimekifanya. Katika lugha nzima ya watu nilikuwa nimechagua kujua jinsi ya kuanza, jinsi ya kuhubiri na jinsi ya kuondoka. Katikati hapakuwa na kitu.

Siku ya mwisho mvulana yule alinishika kidole kimoja, si mkono, kidole cha shahada tu, akakishikilia tangu kifungua kinywa hadi gari lilipowashwa. Hakulia. Aliuliza neno moja, lile lile la kwenye kopo, safari hii kwa sauti ya kuuliza. Mama mlezi akanitazama. Akasema, "Anauliza, utarudi?" Kisha akanyamaza akingoja jibu kana kwamba swali lilikuwa lake.

Nikasema, "Nitarudi, Mungu akipenda." Nikampa picha yangu. Nikawa wa 20.

Nyumbani nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Watu walilia, wakatoa sadaka nyingi, na sadaka ile ilinunua magodoro na vitabu. Siidharau. Lakini kila niliposimulia, nilipofika kwenye kile kidole nilikuwa naruka sehemu ya swali. Nilisema tu kwamba mtoto alinishika kidole hadi mwisho. Ilikuwa hadithi nzuri zaidi bila swali.

*

Andiko lililotupeleka kule ni lile ambalo kila aliyewahi kuchangia yatima amelisikia, Yakobo 1:27: dini iliyo safi ni "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Nimekaa sana na hilo neno, kuwatazama. Kwa Kiswahili chetu ni neno zuri kuliko tunavyolitumia. Mtu akisema anakwenda kumtazama mgonjwa, hasemi anakwenda kumkodolea macho. Anakwenda kukaa naye, kumnywesha dawa, kuuliza kama usiku amelala, na asipomkuta na nafuu atakwenda tena kesho. Kigiriki cha Yakobo kina uzito huo huo. Kitenzi alichokitumia ndicho kilichomo katika Luka 1:68, Zakaria anapomsifu Mungu wa Israeli "kwa kuwa amewajia watu wake, na kuwakomboa", na ndicho kilicho kinywani mwa watu wa Naini baada ya mwana wa mjane kufufuliwa: "Mungu amewaangalia watu wake." Yaani kuwatazama yatima kwa kipimo cha Yakobo ni kuwajia kama Mungu alivyotujia. Na Mungu alipotujia hakuja kwa wiki mbili. Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, akakaa miaka 30 hivi kabla hajahubiri hata mara moja.

Halafu kuna Yohana 14:18. Wengi tunaijua kwa moyo: "Sitawaacha ninyi yatima, naja kwenu." Nashukuru kwamba waliotupa Biblia ya Kiswahili waliliacha neno yatima kama lilivyo. Lakini angalia saa aliyoyasema maneno hayo. Ilikuwa usiku wa kuondoka. Wanafunzi wamekwisha kuambiwa kwamba aendako hawawezi kumfuata sasa. Petro ameuliza, Tomaso ameuliza, na chini ya maswali yao yote kuna swali la yule mvulana: utarudi? Bwana hakuwapa picha. Aliwapa Msaidizi mwingine, "ili akae nanyi hata milele." Tumaini la Kikristo kwa yatima limejengwa juu ya ahadi ya mtu mmoja kwamba hatamwacha mwenziwe peke yake, na ahadi hiyo ikatimizwa. Ukimpelekea mtoto aliyefiwa ujumbe huo kwa mdomo, na kwa miguu yako ukamwonyesha kinyume chake, ataamini miguu.

Ndiyo maana nilianza kuwasoma waliobaki.

*

Amy Carmichael alizaliwa Ireland mwaka 1867, akafika India mwaka 1895. Hakurudi tena kwao, hata kwa likizo, mpaka alipofariki mwaka 1951. Mwaka 1901 mtoto wa kike wa miaka saba hivi, Preena, alitoroka hekalu alikokuwa amekabidhiwa, akamfikia. Kabla ya hapo alikuwa amewahi kutoroka akamkimbilia mama yake mzazi, naye akarudishwa hekaluni. Hapo ndipo kazi ya Dohnavur, kusini mwa India, ilipoanza: watoto wakaja mmoja mmoja, wakawa makumi, wakawa mamia. Walimwita Amma, yaani mama. Mwaka 1931 alianguka akaumia vibaya, na karibu miaka 20 iliyofuata aliimaliza zaidi chumbani mwake, mara nyingi kitandani, watoto wakimjia huko huko. Hata alipokuwa hawezi kutembea, alikuwa anajulikana aliko. Nadhani mtoto aliyefiwa haombi zaidi ya hapo: kujua mtu wake yuko chumba gani.

Alikuwa amekataza kaburi lake liwekewe jiwe. Watoto wake wakaweka hapo birika la mawe la ndege kunywea maji, likaandikwa neno moja tu, Amma.

Lakini kuna jina jingine ambalo hatulitaji kwenye mahubiri yetu ya umisionari, nalo ni Ponnammal. Alikuwa Mhindi, mjane tangu ujana wake, na ndiye aliyeshika malezi ya watoto wachanga kazi ilipopanuka. Carmichael mwenyewe alimwegemea kama nguzo. Ponnammal alikufa mwaka 1915, mapema mno, na kazi ikaendelea mikononi mwa wanawake wa huko huko aliowafundisha. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mjane aliijua dhiki ya yatima kabla mgeni hajashuka melini. Alichokifanya mgeni, na hapo ndipo penye ukuu wake, ni kuingia kwenye kilio ambacho mwenyeji alikuwa amekwisha kukianza, na asikiache katikati.

Lillian Trasher naye. Mmarekani wa miaka 23, mwaka 1911 yuko Asyut, Misri, akaitwa kwenye kitanda cha mama anayekufa, akaondoka na kitoto kichanga mikononi. Kitoto kikalia usiku hata usiku, na wamisionari wenzake wakamtaka akirudishe walale. Akaenda kupanga nyumba yake mwenyewe akae na mtoto. Alibaki Misri mpaka kifo chake mwaka 1961, na wakati huo nyumba ile moja ilikuwa imekuwa kama kijiji cha watoto zaidi ya elfu moja. Miaka 50. Na George Müller, ambaye tunamtaja sana kwa maombi yake, tunasahau kwamba yeye pia alikuwa mtu wa ng'ambo: Mjerumani aliyefika Uingereza mwaka 1829, akafungua nyumba ya kwanza ya yatima Bristol mwaka 1836, akafa mji huo huo mwaka 1898 baada ya watoto zaidi ya 10,000 kupita mikononi mwa kazi yake. Maombi yake yana nafasi yake. Mimi kinachonigusa ni anwani yake. Haikuhama.

Sisemi kila Mkristo lazima aende akafie huko. Ninasema walioacha alama walijua mzigo wanaoubeba ni wa namna gani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwetu sisi tulioshuka uwanja wa ndege tukiimba ulikuwa mwepesi hasa.

*

Sasa niseme jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu linagusa hilo jina lenyewe, yatima.

UNICEF ilikadiria mwaka 2015 kwamba duniani kulikuwa na yatima karibu milioni 140. Namba hiyo tuliiandika kwenye vipeperushi vyetu kwa herufi kubwa. Ambacho hatukukiandika ni kwamba hesabu hiyo inajumuisha kila mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja, na kwamba waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Walio wengi, basi, wana mama aliye hai, au baba. Na hata katika milioni 15, wengi wanaishi na bibi, shangazi, kaka mkubwa. Kwenye makao ya watoto nako, nchi baada ya nchi, imeonekana kwamba sehemu kubwa ya watoto wana mzazi hai. Kilichowaleta ni umaskini, ugonjwa, ulemavu, au ahadi ya shule.

Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilikasirika. Niliona kama mtu ananinyang'anya kazi. Baadaye nikamkumbuka mvulana wangu. Sikuwahi kumuuliza mama yake alikufa lini. Sikuwahi kumuuliza kama alikufa.

Kuna utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000. Baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia ilikuta nchini humo watoto zaidi ya 100,000 katika makao ya serikali. Watafiti waliwachukua watoto wadogo 136 kutoka kwenye makao hayo. Nusu wakatafutiwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya makaoni. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, kiakili na katika uwezo wa kushikamana na mtu, na waliozipata mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili hivi, walifaidi zaidi ya wote. Kasoro ilikuwa kwenye zamu. Mtoto mchanga akilia saa mbili anakuja mama huyu, akilia saa kumi anakuja mwingine, akilia usiku haji mtu. Mwisho anaacha kulia, na mgeni akiingia anasema, "Jamani, watoto hawa wametulia!" Nilishasema hivyo kwa kinywa changu. Nilishasema pia, "Wana upendo wa ajabu, wanamkimbilia kila mtu," nikidhani nimeona neema, kumbe nimeona mtoto ambaye hana mtu wake.

Na wageni ni zamu nyingine. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na ndani yake likataja madhara ya watu wa kujitolea wanaopita kwenye makao bila utaratibu. Australia miaka miwili kabla ilikuwa imefanya uchunguzi bungeni uliozungumzia watoto wanaotolewa kwenye familia zao na kuingizwa makaoni ili wafadhili wapate yatima wa kuwatembelea. Inauma kusoma. Fedha iliyotoka kwenye bahasha ya ibada, iliyotolewa na mjane wa kanisa fulani kwa machozi, inaweza kuwa ndiyo sababu ya mtoto wa mjane mwingine kutolewa nyumbani.

Zaburi 68 ilikuwa imeshasema. Sote tunanukuu mstari wa 5, "Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane." Mstari wa 6 tunaupita: "Mungu huwakalisha wapweke nyumbani." Nyumbani ndilo neno lililoandikwa pale. Esta alikuwa yatima wa baba na mama, uhamishoni, na wokovu wake ulianzia kwa Mordekai, mtu wa ukoo wake aliyemlea kama binti yake.

*

Kuna watoto ambao nyumbani kwao ndiko kwenye hatari. Preena alikuwa mmoja wao. Kwa hao mlango wa makao ni rehema, na wanaoufungua wabarikiwe. Nimeona mama walezi wakiwapenda watoto wa watu kwa upendo ambao sina maneno nao, kwa mishahara midogo, na miguu iliyovimba.

Mmoja alinifundisha jinsi ya kumtaja Mungu mbele ya mtoto aliyeumia. Kulikuwa na msichana wa miaka tisa ambaye kila jioni, sala ya Bwana ilipoanza, alibana midomo. Wenzake walisema "Baba yetu", yeye kimya. Walipofika "uliye mbinguni" aliingia, akaendelea nao hadi amina, kwa sauti kubwa tu. Mimi nilitaka kumrekebisha. Mama mlezi akanigusa goti chini ya meza. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, baba yake ndiye aliyemfanya aje hapa. Mwache aanzie mbinguni. Mungu ana masikio, atayasikia na yale maneno mawili asiyoyasema." Sijui kama siku hizi anayasema. Sijauliza, na sitauliza.

Kutoka kwa mama huyo nilijifunza pia kisichosemwa. Wageni huwaambia watoto, kwa nia njema, kwamba Mungu alimchukua mama yao kwa sababu alimpenda sana. Mtoto akisikia hivyo anaelewa vizuri kabisa: Mungu ndiye aliyeninyang'anya, na akimpenda mtu mwingine wangu atamchukua naye. Biblia haisemi hivyo. Biblia inakiita kifo adui, adui wa mwisho. Mbele ya kaburi la Lazaro, akijua dakika chache zijazo atamfufua, Yesu alilia machozi. Kama yeye mwenye ufufuo mkononi alilia kwanza, mimi ni nani nimzuie mtoto wa miaka sita kwa kumpa peremende na wimbo wa furaha? Kitabu cha Maombolezo kinawapa watoto hao hata maneno ya kulilia: "Tumekuwa yatima na wasio na baba." Nimeomba na watoto kwa mstari huo. Walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama kweli hayo yameandikwa ndani ya Biblia. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya mstari, akakiacha hapo.

Ufufuo ukihubiriwa baada ya hapo unasikika. Tunamwambia mtoto kwamba mama yake aliyelala katika Bwana hajapotea, kwamba kuna siku makaburi yatafunguka, kwamba Mungu mwenyewe atayafuta machozi kwa mkono wake. Hilo ndilo tumaini, na hakuna shirika la misaada linaloweza kulitoa mahali pake. Ila ni zito. Halibebwi na mtu ambaye kesho kutwa hayupo.

*

Nilirudi. Ilinichukua miaka sita. Mara ya kwanza ilikuwa 2017. Mara ya pili 2023, peke yangu, kwa miaka miwili, na miezi minane ya mwanzo nilikuwa mwanafunzi wa lugha tu. Sikwenda kufungua kitu. Yule mama mlezi, pamoja na wanawake wengine watano wa kanisa la pale, walikuwa wameanzisha kazi ya kuwatafuta ndugu wa watoto, na walikuwa wanahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu, kuandikia wafadhili na kushika usukani wa gari. Nikawa huyo mtu.

Walianza mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona. Wageni wakakatika, na fedha zikakatika nao. Makao yakawa hayana namna ila kurudisha watoto nyumbani, na mengine yalifanya hivyo kwa siku chache tu, bila hata kupiga simu kwanza, jambo lililowaumiza watoto wengi. Wanawake wale sita walikataa haraka hiyo. Walichukua mafaili. Faili la mtoto mmoja lilikuwa na karatasi mbili, moja ikiwa ya vipimo vya nguo. Basi wakakaa na mtoto, wakamwambia achore nyumba anayoikumbuka. Mlango ulikuwa upande gani? Nani alikuwa akikusuka? Asubuhi ulisikia sauti gani? Mtoto mmoja alikumbuka kengele na treni, hakukumbuka kingine chochote, na kwa kengele na treni wakampata bibi yake.

Nilipokuja mimi kazi ilikuwa na taratibu zake. Hakuna mtoto anayepelekwa kabla ya kutembeleana mara kadhaa. Afisa ustawi wa jamii lazima ahusike tangu mwanzo. Fedha iliyokuwa ikilipia kitanda inamfuata mtoto: ada, bati la paa, mtaji mdogo wa shangazi. Na kuna kufuatilia, mwaka wa kwanza kila mwezi, hata mvua ikinyesha. Tulikosea pia. Mtoto mmoja tulimpeleka kwa mjomba kwa sababu tulichoka na safari ndefu na mjomba aliongea vizuri. Miezi minne baadaye tulikwenda kumchukua na alama mgongoni. Nilikuwa ndani ya gari hilo. Kutoka siku ile, aliyechoka haruhusiwi kupiga kura kwenye kikao chetu.

Wafadhili walikuwa wagumu kuelewa, na ninawaelewa. Jengo linapigwa picha. Mtoto anayekula na binamu zake hapigwi picha, na haifai apigwe. Nilijifunza kuwaandikia barua zisizo na sura ya mtoto hata mmoja, nikiwaeleza paa limefika wapi na shangazi amelipa nini, nikiwaomba waendelee. Baadhi waliacha. Waliobaki ndio wanaoibeba kazi hadi leo, na wengi wao ni watu wasio na uwezo mkubwa.

Mvulana wa kopo sikumkuta makaoni. Alikuwa amekwisha kuondoka tangu ule mwaka wa mipaka kufungwa. Mama yake alikuwa amekufa kweli, ila baba yake alikuwa na dada, umbali wa saa tano kwa gari, ambaye kwa miaka yote ile aliambiwa mtoto amepelekwa ng'ambo kuasiliwa, akaacha kumtafuta. Wanawake walipobisha hodi alidhani wameleta habari ya msiba.

Nilikwenda kumwona mwezi wangu wa tisa, nikiwa na lugha ya kutosha. Alikuwa mrefu kuliko mimi, sauti imeanza kuvunjika. Alinikumbuka kwa adabu, nadhani baada ya kukumbushwa. Tulizungumza shule, tulizungumza mpira, alinionyesha daftari la hesabu. Shangazi yake alisimulia jinsi mwaka wa kwanza alivyokuwa akilala na viatu, na jinsi usiku mmoja alivyovivua mwenyewe.

Wakati wa kuondoka nilisimama mlangoni nikiwa na jibu langu tayari. Nilikuwa nimelibeba miaka sita. Shangazi alikuwa ameona kifungo cha shati la shule kimelegea, akamwita, akachukua kopo la bati juu ya rafu, akaligonga kifuniko kwa kiganja kikaruka. Ndani mlikuwa na nyuzi, sindano na vifungo vya kila namna. Akaanza kushona kifungo shati likiwa mwilini, kichwa ameinamisha kifuani kwa kijana, uzi kati ya meno.

"Safari njema, mama," kijana akaniambia. Akataka kunigeukia, shangazi akamrudisha kwa bega.

"Tulia," akamwambia. "Sijamaliza."

Akatulia.